Tulimzika Hapa, Nyuma ya Tangi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, hata zile ulizozituma kwa simu nikashindwa kuzijibu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa mwili na mtulivu wa moyo. Je, mgongo wa wifi yangu umepata nafuu? Na binti yenu mkubwa, amemaliza mitihani yake au bado anailaumu mitihani kwa kutokwisha? Sisi huku tu wazima kwa kiasi cha watu wanaoamka asubuhi na kunywa chai. Mama anakula, ingawa kwa kubembelezwa. Jicho lake la kulia limefunga kabisa, na la kushoto linatambua mchana na kivuli, basi. Magoti yangu hunikumbusha umri kila nipandapo ngazi, nami huyakumbusha kwamba kazi bado.

Nakuomba jambo moja kabla sijaendelea. Usiisome barua hii peke yako. Waite mkeo na watoto, waketi, uwasomee kwa sauti. Najua utacheka na kusema kwamba Dada amestaafu lakini paredi yake ya shule haijastaafu. Cheka. Ila nina neno ambalo nimelificha mwaka mzima, na nimeona kwamba nikikwambia wewe peke yako litakuwa siri ya wawili. Na siri ya wawili ni mzigo uleule, umeongezewa mchukuzi tu.

Katika barua yako ya Aprili uliniuliza maswali matatu: kama mahali palipopigwa picha pamejulikana, kama fundi wa mawe ameanza kazi, na kama siku ya safari imekwisha kupangwa, utakapokuja Agosti. Nitakujibu yote, ingawa majibu yenyewe siyo uliyoyaombea likizo.

Kwa ajili ya watoto, ambao picha hiyo wameiona kwenye simu tu, naanzia mbali kidogo.

Wanangu, babu yenu alikuwa mchochea moto katika garimoshi, enzi za injini za mvuke. Kazi yake ilikuwa kulilisha tanuri ili maji yachemke na mvuke uisukume injini. Siku moja, treni ikiwa katikati ya mlima, bomba la mvuke lilipasuka mbele ya kifua chake. Jioni ile hakuiona. Wenzake walimzika siku ileile kwenye kituo kidogo cha njiani, kwa kuwa joto halikuruhusu kungoja na treni ya kumrudisha nyumbani ilikuwa ya kesho kutwa. Mimi nilikuwa na miaka saba. Baba yenu alikuwa bado tumboni.

Juma moja baadaye dereva aliyekuwa naye alikuja mlangoni petu na vitu vitatu: kofia, kopo la bati la chakula, na picha. Picha ilipigwa na stesheni masta wa pale, aliyekuwa na kamera yake. Inaonyesha injini imesimama, wanaume wanane wamevua kofia mbele yake, na nyuma yao tangi la maji juu ya nguzo za mawe, mkono wa bomba ukining'inia kama mkono wa mtu aliyechoka. Nyuma ya tangi ni mteremko wa mlima. Na nyuma ya picha yenyewe, kwa kalamu ya risasi, dereva yule aliandika.

Mama hakujua kusoma. Jirani alimsomea mara moja, mchana wa msiba, nyumba imejaa vilio. Alichokishika ni sentensi moja, nayo tumeisikia sote tangu tuanze kusikia: "Tulimzika hapa, nyuma ya tangi." Jina la kituo alilisikia pia, likapita. Isitoshe, watu wa reli wenyewe hawakulitumia. Kituo ambacho treni husimama kunywa maji tu, bila abiria wala mizigo, walikiita Kunywa-Twende. Baba mwenyewe akirudi kutoka kazini alikuwa akisema, "Leo Kunywa-Twende maji yalikuwa baridi." Basi Mama akabaki na Kunywa-Twende na picha. Hakuona haja ya kulikumbuka jina ambalo limepigwa picha.

Alipewa kibali cha kusafiri bure ili akalione kaburi. Kwanza alikuwa na mimba yako, Kitinda, kisha alikuwa na wewe mgongoni, kisha ulikuwa na surua. Alisema reli ipo, haikimbii. Nilipofika miaka kumi ile njia ilifungwa, na reli zenyewe zikang'olewa zikapelekwa kuyeyushwa. Kumbe reli nazo hukimbia.

Sasa nakuja kwenye neno langu. Naomba msiniangalie.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza wa chuo cha ualimu, na nilitaka kumfurahisha Mama. Picha ilikuwa imeanza kujikunja ndani ya sanduku lake la nguo. Nikaichukua bila kumwambia, nikaipeleka kwa fundi wa fremu aliyekuwa mkabala na ofisi ya posta. Nikachagua fremu iliyokwisha kutengenezwa, nyeusi yenye mstari wa dhahabu, ile ile iliyoko ukutani mpaka leo. Yule fundi akaiweka picha juu ya fremu, akatikisa kichwa.

"Picha imeizidi fremu," akasema. "Nipunguze upande gani? Huku kuna kichwa cha treni, huku kuna ubao wa stesheni."

"Punguza ubao," nikamjibu. "Watu wanataka kuona treni."

"Ubao una maandishi, binti."

"Maandishi yako nyuma," nikasema.

Nilijua kwamba nyuma kuna mwandiko, nikadhani jina la kituo limo humo. Sikuigeuza. Kwa miaka thelathini na sita niliyofundisha, kila siku ya mtihani, niliwaambia wanafunzi wangu: geuzeni karatasi, huenda kuna swali nyuma. Waliokuwa hawageuzi niliwaita wavivu. Mimi nilikuwa na karatasi moja tu ya kugeuza, na sikuigeuza.

Akachukua mkasi, akakata. Kipande kile kilianguka sakafuni miongoni mwa vipande vingine. Mama aliipokea fremu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akaitundika juu ya kitanda chake. Nilijisifu kwa siku kadhaa, kisha nikasahau kwamba kulikuwa na cha kukumbuka.

Mwaka jana, Mei, macho yake yalipoanza kufunga, Mama aliniita akaniambia kwamba amengoja vya kutosha. Anataka kuketi pale alipolala mumewe kabla yeye mwenyewe hajalala. Unajua yaliyofuata, kwa maana ndipo ulipojitolea kulipia jiwe la kaburi. Usilolijua ni hili: asubuhi ile niliitoa picha ndani ya fremu kwa mara ya kwanza, nikaigeuza, nikasoma. Mwandiko wa dereva una sentensi mbili.

"Tulimzika hapa, nyuma ya tangi. Jina la kituo liko ubaoni."

Umeniandikia mara mbili kwamba wale watu wa reli hawakuwa na adabu hata ya kutuandikia jina. Waliandika, ndugu yangu. Waliandika kwa herufi nyeupe zenye ukubwa wa mkono wa mtu, wakasimama mbele yake, wakapiga picha. Wafute katika hasira yako, uniandike mimi mahali pao.

Na lililo gumu kuliko yote ni kwamba jina hilo nililisoma. Mtu aliyejua kusoma hawezi kuutazama ubao asiusome. Kwa hiyo jina liliingia machoni mwangu, likapita kichwani, likatoka. Nimelitafuta mwaka mzima, nikiwa jikoni, nikiwa kanisani, nikiwa kwenye foleni ya benki. Nakumbuka rangi ya shati la fundi. Nakumbuka kwamba mkasi wake ulikuwa na uzi mwekundu kwenye mpini. Jina halipo.

Nilianza kutafuta pale nilipopotezea. Duka la fremu siku hizi ni la kutengeneza simu. Kijana mwenye duka alinisikiliza kwa heshima, miwani yake ya kukuzia ikiwa juu ya paji la uso, kisha akasema, "Mama, kipande cha karatasi cha miaka arobaini na mitatu? Mimi hapa simu niliyopokea jana sijui nimeiweka wapi." Nikacheka naye.

Nikaenda ofisi ya kumbukumbu za reli. Nilikwenda mara sita. Bibi wa masjala, mwenye upole wa kipekee na kikohozi cha vumbi, alinifungulia kila kabati alilokuwa na ufunguo wake. Majalada ya njia kuu yapo, yamepangwa kwa miaka. Ya njia yetu, rafu ni tupu, ila kibandiko chake bado kimebandikwa. "Mchwa walianza," akaniambia, "halafu bomba la choo cha juu likamalizia." Ndiye aliyenielekeza kwa dereva mmoja mstaafu, wa mwisho aliyebaki kati ya walioendesha mvuke. Wenzake humwita Mzee Filimbi.

Mzee Filimbi anaishi na mkewe katika nyumba mbili za zamani za wafanyakazi zilizounganishwa kuwa moja. Ana miaka themanini na minne, mguu mmoja hauinuki, na sauti yake imezoea kushindana na injini. Alipoishika picha hakuwatazama watu. Alitazama magurudumu, kisha moshi, kisha akaomba miwani ya mkewe kwa sababu yake haioni vizuri kama ya mkewe.

"Kunywa-Twende," nikamwambia. "Mama anakumbuka kwamba kituo kiliitwa Kunywa-Twende."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, Kunywa-Twende zilikuwa saba. Kila penye tangi na hapana chai paliitwa hivyo."

Kitinda, sikupata kukwambia hili kwenye simu. Miaka hamsini na mitano Mama ameshika jina moja kama mtu aliyeshika ufunguo, na kumbe ufunguo huo unaingia katika milango saba.

Lakini mzee hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. Aliisoma ile picha kama nilivyowahi kuwatamani wanafunzi wangu wasome. Akanionyesha kwamba behewa la nyuma ya injini limejaa kuni, si makaa ya mawe; kuni zilichomwa kwenye njia yetu pekee, tena kwenye nusu yake ya juu tu. Vituo saba vikabaki vinne. Akanionyesha kati ya reli, chini kabisa ya picha, rundo jeusi nililolidhania kivuli. Ni majivu. Injini ilisafishwa tanuri mahali pawili tu, kwenye miguu ya mlima, upande wa kupandia na upande wa kushukia. Vinne vikabaki viwili.

"Hivi viwili sasa," akasema, "ni mapacha. Vilijengwa na fundi mmoja, kwa ramani moja, mwaka mmoja. Tangi lilelile, nguzo zilezile, nyumba ileile, mlima nyuma. Kimoja huku, kimoja kule. Hata sisi tukiamka usingizini tulikuwa tunautazama ubao kwanza ndipo tujue tumelala upande gani."

Kisha akaweka kidole chake pembeni mwa picha. Pale ukingoni, mkasi ulipopita kwa kupinda kidogo, umebaki mguu mmoja wa ubao. Mguu tu, mweupe, umesimama.

"Ona," akasema. "Ulikuwepo. Nani alikata picha hii?"

"Fundi wa fremu," nikajibu.

Sikudanganya. Na tangu siku ile sijalala vizuri kwa sababu ya kutodanganya kwangu.

Akayataja majina ya vile vituo viwili, polepole, moja kisha jingine. Niliyasikiliza kama mama anayesikiliza sauti ya mwanawe katika umati. Hakuna lililogeuka kuniangalia. Siyaandiki hapa, na nisamehe kwa hilo, kwa sababu lolote nitakalolitanguliza litakuwa tayari nimelichagua.

Likabaki swali moja tu, na Mzee Filimbi aliliweka wazi. Baba aliungulia katikati ya mlima. Dereva wake alikuwa na mawili ya kufanya: kuirudisha treni nyuma taratibu mpaka kituo cha kupandia, au kuisukuma mbele avuke kilele ashukie kituo cha pili. Kama alirudi, Baba yuko huku. Kama alisonga, Baba yuko kule. Hakuna alama nyingine pichani ya kutuambia.

"Mimi ningerudi," mzee akasema. "Mtu ameumia, mvuke unavuja, huwezi kupanda. Ningerudi."

Mkewe alikuwa anachambua mchele mlangoni. Hakuinua kichwa. "Wewe? Katika ndoa hii ya miaka sitini hujawahi kurudi nyuma hata hatua moja, hata pale ulipokosea njia ya kwenda kwa wazazi wangu."

"Hilo ni jambo jingine, mke wangu."

"Dereva ni dereva," akasema yule mama.

Nilicheka nao, Kitinda, na papo hapo nikaelewa kwamba kaburi la baba yetu limebaki kutegemea tabia ya mtu aliyekwisha kufa, ambaye mimi nilimwona mara moja tu mlangoni, akiwa ameshika kofia isiyo yake.

Nilikodi teksi nikaenda kuvitazama vituo vyote viwili, mwezi uliopita. Sikukwambia kwa kuwa nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu.

Kituo cha kupandia hakipo. Mlima wenyewe nusu yake haupo. Ni machimbo ya kokoto sasa: mashine za kusaga mawe, vumbi jeupe juu ya majani yote, na katikati shimo kubwa lenye maji ya kijani ambayo hakuna ndege aliyetua. Msimamizi alinipa kofia ya chuma, akanipeleka mpaka ukingoni. Ni mtu mstaarabu. Nilimuuliza kama walipoanza kuchimba walikuta chochote. Akasema walikuta vyuma, misumari ya mataruma ya reli, nguzo za mawe zilizoanguka. Nikamuuliza kama walikuta makaburi.

Akanitazama, akavua kofia yake. "Mwalimu," akasema, "mashine haiulizi."

Nilimshukuru. Alinisaidia kushuka.

Kituo cha kushukia kipo. Nyumba imesimama, paa limebadilishwa, na katika ofisi ya stesheni masta anaishi fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni, anayewapa wateja nguo zao kupitia dirisha lilelile la ofisi. Tangi halipo lakini nguzo zake nne zipo. Nikamwomba nipite nyuma. Nyuma ya zile nguzo kuna vipande vitatu vya reli vilivyosimikwa ardhini, urefu wa kiuno cha mtu, bila jina, bila tarehe. Kimoja kilikuwa kimefungwa kamba ya kuanikia nguo, na shuka mbili zilikuwa zinapepea.

"Nilidhani ni vigingi vya mpaka," akaniambia nilipomweleza. Akazitoa pini mdomoni. Akazianua shuka zikiwa bado mbichi, akaifungua kamba, akaizungusha mkononi, akasimama nayo asijue aiweke wapi. "Miaka tisa, dada yangu. Kila siku. Mngekuwa mmeniambia."

Nilipaswa kufurahi. Nilikaa chini pale, nikavishika vile vyuma kimoja baada ya kingine, nikingoja moyo uniambie. Ni vyuma. Kimoja kati ya vitatu chaweza kuwa cha Baba, au hakuna. Na siwezi kujua kama pale nimeketi karibu na baba yangu, au nimewalilia watu watatu wasionihusu huku baba yangu amesagwa akamwagwa chini ya barabara ya lami, na pengine ile teksi iliyonileta ilipita juu yake.

Nimeandika sentensi hiyo kwa kalamu thabiti. Kama watoto wamesikitika, waache wasikitike. Ni babu yao.

Nilirudi nikamwambia Mama. Sikumweleza habari za mkasi. Nilimwambia kwamba vituo ni viwili, kimoja kipo na kimoja hakipo, na kwamba hakuna awezaye kujua. Alikuwa ameketi kitandani, mkono wake mmoja uko kwenye fremu kama kawaida yake, kidole kikifuata ule mstari wa dhahabu.

"Pale penye fundi cherehani pakoje?" akauliza.

Nikamweleza nguzo, vyuma vitatu, shuka.

"Na kule kwingine?"

"Shimo, Mama."

Jirani alikuwa anatwanga, na tulihesabu sote wawili mapigo ya mchi bila kupenda. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kunituma dukani, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma. Nichagulie."

Nilisema nakwenda kutazama chai.

Utasema, Kitinda, mbona ni jambo jepesi. Nichague panapokalika. Nimpeleke kwa fundi cherehani, aketi kati ya vile vyuma, tulisimike jiwe lako, tuombe, turudi. Haoni, hatajua. Nami nimejiambia hivyo kila asubuhi. Lakini siwezi kumchukua mwanamke aliyengoja miaka hamsini na mitano, nikamketisha penye kaburi la mume wa mtu, nikamwambia, "Mama, mwambie Baba tumefika." Wala siwezi kumpeleka kwenye shimo. Na siwezi kumwambia kwamba hatuwezi kujua bila kumwambia kwa nini hatuwezi kujua.

Fundi wa mawe aliniita Jumanne. Jiwe ni zuri, la kijivu, amelilainisha mpaka mvua itapita bila kushika. Jina la Baba amelichonga, na mwaka. Chini ameacha nafasi ya mstari mmoja.

"Na mahali, Mwalimu?"

Nikamwambia mahali hapajulikani bado.

"Basi tuandike 'Amelala hapa'," akasema, akishika patasi. "Wengi huandika hivyo. Inakwenda popote."

Nilimzuia mkono. Nadhani nilimshtua. Hilo "hapa" ndilo neno pekee, ndugu yangu, ambalo familia yetu haiwezi kuliandika tena juu ya kitu chochote.

Kwa hiyo jibu la kwanza: mahali hapajajulikana, na sababu ni mimi. La pili: jiwe limekwisha, ila mstari mmoja. La tatu: siku ya safari haijapangwa. Ukiona ni vyema uje Agosti hata hivyo, njoo. Mama atakushika uso, na huo ataujua ni wako bila kuambiwa na mtu. Ila usije ukitarajia kwamba dada yako atakuwa amesimama kituoni na ramani.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba unishauri jambo moja, wewe na wote walioketi hapo wakinisikiliza: je, nimwambie Mama habari ya mkasi? Nikimwambia, nitakuwa nimemwondolea na ile fremu, kitu pekee ambacho bado vidole vyake vinakiona. Nisipomwambia, nitaendelea kuwa yule msomi anayepaswa kumchagulia.

Haniulizi tena, kama alivyoniuliza mwaka mzima, "Umefika wapi na kituo changu?" Siku hizi huniuliza nikimletea chai, "Umechagua?" Nami hujibu, "Bado, Mama," naye husema, "Haya, usiharakishe."

Fundi wa fremu aliponiuliza upande gani, nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza. Mama ameniuliza upande gani, na leo ni siku ya ishirini na mbili.

Nisalimie wifi yangu kwa moyo wote, mwambie asiinue vitu vizito. Wasalimie watoto kila mmoja kwa jina lake la nyumbani, na yule mdogo mpige busu la shangazi hata akikataa. Mzee Filimbi na mkewe wanakusalimu ingawa hawakujui. Wanasema mtoto wa mchochea moto ni mtoto wao. Jirani anayetwanga anakusalimu. Mama anakusalimu, na anasema uvae sweta. Mungu awafunike huko mliko, awape njia zenye majina, na kila mnayempenda awape kujua alipo.

Mimi nikupendaye tangu ukiwa mgongoni kwa Mama,

Dada yako,
Mwalimu.